Kiapo cha Callistus Ojiambo na Chai ya Ng'ambo ya Daraja

Sogeeni, enyi watu wa mpakani. Sogeeni, madereva mliolala siku tatu chini ya malori yenu katika foleni inayoanzia getini na kutokomea nyuma ya kilima. Sogeeni, mama zetu mnaokuja kutoka Osieko na mabeseni ya samaki vichwani. Nanyi mabwana wa boda boda wa Adungosi, zimeni pikipiki kwa kitambo, abiria hawatahama. Tegeni masikio mpate kusikia habari za vita ambavyo havikupigiwa ngoma wala kutangazwa redioni, vita vilivyopiganwa baina ya mwanamume mmoja mwenye tai na kijiko kimoja cha sukari. Mmekwisha kusikia habari za wafalme waliogombea nchi na ng'ombe. Wafalme hao walikuwa na majeshi. Huyu wetu alikuwa na flaski.

Nawe, ewe mvuke wa chai ya maziwa, upandaye kila asubuhi kutoka kila jiko, tangu Moding hadi ufukoni mwa ziwa, mpandie msimulizi kichwani, umpe pumzi na maneno, asipitwe na jambo lolote dogo. Maana katika habari hizi hakuna jambo ambalo si dogo.

Alikuwako basi mjini Malaba, upande wa Kenya, mtu aitwaye Callistus Ojiambo, mwana wa Oduori, ejenti wa forodha, yaani mtu anayewajazia wenye mizigo karatasi zao ili malori yapate kuvuka mpaka. Huyu ndiye Mgonga-Mihuri, Mpasua-Foleni, Simba wa Fomu, aliyeweza kutoa lori kizuizini kwa nakala tatu na kikohozi kimoja. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na miwili, tumbo lake lilikuwa la heshima na lilimtangulia katika kila ofisi, na alipoingia makarani waliinuka kabla hawajajua wanainukia nini. Alipokabidhiwa sheria aliisoma hadi mwisho, kisha akaanza upya taratibu, akitafuta kama imeachwa wazi mahali. Mara nyingi ilikuwa imeachwa.

Lakini kila shujaa ana pake anapochomeka mkuki, na pa Callistus palikuwa kikombeni. Alitia vijiko vitano vya sukari nyeupe ya dukani, tena vya kufura. Hakukoroga sana, makusudi, ili chini pabaki tabaka. Nalo tabaka hilo alilikomba kwa kidole akidhani haonekani. Kwa muda wa miaka thelathini aliishi hivyo, na ndugu na marafiki wakamhesabu kuwa mtu mwenye furaha.

Ikawa siku moja akaenda kliniki kwa ajili ya kikohozi, naye muuguzi aliyekuwa zamu, dada mmoja mpole aitwaye Sylvia, akamchoma kidole na kutazama kimashine chake kwa muda ambao Callistus hakuupenda.

"Baba, keti vizuri tuongee," akasema Sylvia. "Hii sukari ya damu yako imepanda. Bado hujakuwa mgonjwa, lakini uko mlangoni. Wacha sukari ya dukani. Wacha soda, keki na hizo mandazi. Urudi hapa kabla ya miezi mitatu kuisha. Ikishuka, utaenda nyumbani. Isiposhuka tutaanza dawa, na hizo dawa haziachwi."

Callistus akanyoosha tai yake, akainuka kama mtu anayehutubia kikao. "Dada muuguzi," akanena, "mbele yako amesimama mtu aliyewahi kuvusha trela ishirini na mbili kwa siku moja, mvua ikinyesha, mtandao ukiwa umelala. Unaniambia habari ya vijiko vitano. Vijiko vitano ni nini kwangu?"

"Sijui, baba," akajibu Sylvia. "Wewe ndiye utatuambia."

Alitoka pale akitembea kwa madaha, ila moyoni aliogopa, tena aliogopa sana. Kaka yake mkubwa Mathew alikatwa mguu mwaka juzi kwa ugonjwa huohuo, na Callistus ndiye aliyebeba kiatu cha pili kutoka hospitali, kile ambacho hakikuwa na kazi tena. Hilo hakumwambia muuguzi. Alimwambia mkewe tu.

Mkewe alikuwa Perez Nasambu, mshonaji wa sare za shule, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vivianne kwa jina la binti yao. Jioni ileile mume na mke wakakutana sebuleni katika mkutano mkuu, wakiwa na Biblia mezani na kuku mmoja aliyeingia bila mwaliko. Callistus akatoa karatasi safi, akaandika kiapo chake kama alivyozoea kuandika kila kitu, pamoja na kichwa cha habari na mahali: *Mimi, Callistus Ojiambo, mkazi wa Malaba, Kaunti ya Busia, naapa kwamba ndani ya mipaka ya Jamhuri ya Kenya sitaonja sukari ya kiwandani, iwe kavu au iliyoyeyushwa.* Akatia sahihi, akatia tarehe, akatafuta muhuri, akakumbuka kwamba muhuri uko ofisini. Nakala moja ikawekwa ndani ya Biblia, nyingine akaikunja ndani ya pochi yake.

Mama Vivianne, ambaye naye alizoea vijiko vitatu, aliitazama karatasi ile kwa utulivu. "Baba Vivianne," akasema, "mimi sijui kuandika kama wewe. Lakini sikia. Nitaacha pamoja na wewe. Hutakunywa chai ya aina hiyo peke yako kwa hii nyumba. Siku utarudi kwa sukari uniambie, na mimi nitarudi. Usiniache tu nateseka peke yangu kama mjinga."

Katika maneno yote ya mkutano ule, hayo ndiyo pekee ambayo hayakuandikwa.

Hapo vita vikaanza. Siku tatu za kwanza kichwa cha shujaa kilimgonga kana kwamba mafundi wa mabati wamepanga chumba mle ndani. Siku ya nne aligombana na stepla, wakatenganishwa. Siku ya saba alisimama mbele ya duka la jumla na kusoma kwa sauti ya chini maandishi yote yaliyo juu ya gunia la sukari, hadi uzito na mahali pa kutengenezwa, mpaka mwenye duka akamuuliza kama kuna msiba. Lakini hakuanguka. Kila asubuhi kabla ya kazi waliketi wawili jikoni, yeye huku na mkewe kule, na vikombe viwili vya chai ya maziwa yenye tangawizi isiyo na chochote cha kuifariji. Mama Vivianne alifumba macho kila alipomeza. Callistus alimtazama akifumba macho, naye akameza yake, na nyumba ikawa na amani ambayo hawakuwa wameijua tangu watoto walipokuwa wadogo. Hata siku ya ishirini na tano akagundua kwamba maziwa yana ladha yake yenyewe, akalitangaza jambo hilo ofisini, na wenzake wakampongeza kwa upole kama anayetoka kuumwa.

Hivyo zikapita siku sitini na mbili, na sifa zake zikavuma hadi kwenye kioski cha karatasi za nakala.

Sasa, ndugu wasikilizaji, shikeni vizuri vikombe vyenu, maana tunafika siku ya sitini na tatu. Yapasa mjue kwamba mzigo unaoingia Uganda hukaguliwa upande wa Uganda, kwa hiyo ejenti wa Malaba huvuka daraja asubuhi, hufanya kazi yake ng'ambo, na jioni hurudi kulala Kenya. Flaski ya Callistus ilivuka pamoja naye kila siku. Ndiyo iliyokuwa ngao yake, rangi ya buluu yenye maua, nayo ilimkinga dhidi ya chai ya ng'ambo, kwa sababu akina mama wa pale, kama akina mama wote wa pande zetu, huichemsha sukari pamoja na majani na maziwa ndani ya sufuria moja, hata hakuna njia ya kuwaambia wapunguze.

Siku hiyo mtandao wa forodha ulilala tangu saa mbili asubuhi. Malori yakasimama. Madereva wakamzunguka Callistus kule ng'ambo, na aliyetangulia mbele yao alikuwa Simiyu, dereva wa trela la saruji, mtu mrefu mwenye subira fupi.

"Boss," akasema Simiyu, "leo ni siku ya tatu nalala kwa hii foleni. Mpaka mbu wananijua jina."

"Ewe Simiyu," akanena Callistus, "mtandao nao ni kiumbe, huchoka na hupumzika. Jongeza gari lako nyuma kidogo, ili mtandao utakapoamka ukukute uko tayari."

Simiyu akajongeza gari nyuma kidogo. Flaski ilikuwa imesimama chini, kando ya mkoba, mahali pa kawaida pa flaski. Sauti iliyotoka haikuwa kubwa. Trela la tani ishirini na nane lilipita juu ya maua yale bila hata kuyumba, na chai yenye tangawizi ikatiririka kwenye vumbi la Uganda.

Simiyu akashuka, akavua kofia. "Pole, boss. Sikuiona."

Callistus aliokota kifuniko, ambacho ndicho tu kilichobaki kikiwa na umbo, akakitia mfukoni. Ilipofika saa sita mtandao ulikuwa bado umelala, naye hajala wala kunywa, na jasho limelowesha tai. Hapo akatokea Amuge, mama muuza chai wa ng'ambo, mwanamke mnene mwenye sauti laini, na kikombe kikubwa mkononi kilichofuka moshi.

"Ssebo, bwana wangu, kunywa," akasema Amuge. "Umesimama tangu asubuhi. Kila siku unapita hapa na kitu yako ya buluu, sijawahi kukuuliza. Leo hauna. Kunywa basi, hata kidogo."

"Mama Amuge," akaanza Callistus, "mimi ni mtu wa kiapo..."

"Kiapo ni cha kesho. Chai inapoa."

Wapo wanaosema alishika kikombe kwa adabu tu, akikusudia kukirudisha. Wapo wanaosema mkono wake ulitangulia, akili ikafuata baadaye. Msimulizi wa habari hizi amewauliza mashahidi wote, nao wanakubaliana juu ya jambo moja: hakukuwa na mapigano. Siku sitini na mbili za ushujaa zilimalizwa na funda moja. Utamu ulimshukia tangu ulimi hadi magotini, na Mpasua-Foleni akaketi juu ya kreti la soda, akafumba macho, akakimaliza kikombe chote, kisha, kwa mazoea ya miaka thelathini, akatafuta tabaka kwa kidole.

Alipofumbua macho, aibu ilikuwa imekwisha kuketi karibu naye. Mawazoni alimwona mkewe jikoni amefumba macho akimeza. Kama angeinuka pale, akavuka daraja na kumwambia, habari hizi zingekuwa fupi na zenye heshima zaidi. Lakini mkono wake ulikwenda kwenye pochi, ukatoa karatasi, naye akaanza kuisoma taratibu, akitafuta mahali palipoachwa wazi.

Akapaona. Uso wake ukang'aa.

"Simiyu," akaita, "njoo unijibu kisheria. Mzigo wa kwenda Kampala ukipita Kenya, unalipiwa ushuru Kenya?"

"Hapana, boss. Huo ni wa kupita tu."

"Na utakapoliwa, utakuwa umeliwa wapi?"

"Kampala."

"Vema umejibu. Sasa tazama hapa. Kiapo changu kimeandikwa: *ndani ya mipaka ya Jamhuri ya Kenya*. Chai hii nimeinywa wapi?"

Simiyu akatazama daraja, akatazama kreti, akakuna kidevu. "Umeinywa Uganda."

"Basi kiapo ni kizima."

"Na tumbo, boss?" akauliza Simiyu. "Si jioni linarudi Kenya?"

"Tumbo," akanena Callistus Ojiambo, akikunja karatasi yake kwa uangalifu mkubwa, "ni chombo cha usafiri."

Ndugu zangu, watu walio mbali na mpaka hawawezi kufanya kosa kama hili, hawana daraja. Kwa muda wa siku kumi na mbili shujaa wetu alivuka mto kila asubuhi akiwa mtu wa kiapo, na kila jioni akarudi akiwa chombo cha usafiri. Kikombe kimoja kilizaa viwili. Viwili vikaita mandazi. Siku ya saba soda ikajitokeza. Siku ya tisa hakuwa na kazi yoyote ng'ambo, ila alivuka akiwa na mkoba mtupu na uso wa mtu anayesubiriwa. Flaski mpya hakununua, na mkewe alipouliza ile ya maua iko wapi, alijibu kwamba ilikufa kazini, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Jioni moja afande wa lango la waenda kwa miguu alimsimamisha kwa utani. "Mzee wa karatasi, leo umebeba nini?"

"Sijabeba kitu, afande."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo," akasema Callistus, naye ndani yake mna vikombe viwili, mandazi matatu na chupa ya soda ya machungwa. Akapita. Maisha yake yote aliwalaani watu wanaovusha magendo namna hiyo.

Ila jambo baya kuliko yote halikufanyika darajani. Lilifanyika jikoni, kila asubuhi, alipoketi mbele ya mkewe na kunywa chai isiyo na sukari. Alikunja uso. Alikunja uso kuliko alivyokunja zamani, akapumua kwa nguvu, akasema, "Mama Vivianne, mapambano haya ni magumu," na Mama Vivianne akamjibu, "Jikaze tu. Tumebakisha kidogo." Alipoambiwa hivyo aliharakisha kumaliza kikombe, akawahi darajani.

Ikafika Jumamosi. Mama Vivianne alikwenda Adungosi kumwona mtoto mchanga wa kaka yake, na Callistus, ambaye hakuwa na lori hata moja la kushughulikia, akaenda ng'ambo. Saa kumi alasiri walikutana nyumbani. Mama Vivianne alivua viatu, akaketi kwenye kiti cha cherehani.

"Mtoto hajambo?" akauliza Callistus.

"Mtoto ni mzima. Anafanana na mama." Akasogeza viatu chini ya cherehani, kisha akasema, "Benedetta amenikasirikia."

Benedetta alikuwa mke wa kaka yake, mwenye nyumba na mama wa mtoto. Nanyi mnajua desturi. Mgeni akija hupikiwa chai, na chai ya mgeni hutiwa sukari ikiwa jikoni, tena nyingi, kwa sababu chai isiyo tamu ni matusi kwa mgeni. Naye mgeni asiyegusa kikombe ametangaza kwamba ana neno na nyumba hiyo.

"Alipika na maziwa matupu, bila maji," akasema Mama Vivianne. "Na amezaa juzi tu, alitakiwa kulala. Akaniletea mwenyewe. Nikamwambia, dada, samahani, niletee maji moto. Akauliza kama naogopa amenitilia kitu. Nikamwambia hapana, ni mzee wangu, tumeacha sukari pamoja kwa sababu ya damu yake. Akasema, mzee wako hayuko hapa, kunywa. Nikakataa. Mama yangu yuko pale anaangalia. Nikakunywa maji moto, mtu mzima mimi, na wote wamenyamaza. Nilipotoka hakunisindikiza."

Callistus alikuwa amesimama mlangoni. Juu ya tai yake kulikuwa na makombo ya mandazi ya Amuge, mawili au matatu, naye aliyaona wakati huo. Alijua saa ile mkewe alipokuwa akinywa maji moto yeye alikuwa amekaa wapi. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakung'uta tai, akasimama kati ya sukuma wiki hadi giza lilipoingia. Alijiona mdogo, naye alikuwa mdogo kweli.

Hesabu yake ilikuwa ngumu. Akimwambia, mkewe atarudi kwa sukari kama alivyosema, naye atabaki peke yake na kikombe chake, na peke yake alijua hawezi. Jumatano ya kurudi kliniki ilikuwa karibu, na kiatu cha Mathew kilikuwa bado kabatini. Asipomwambia, mkewe ataendelea kufumba macho na kugombana na jamaa zake kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Alizunguka jambo hilo kila upande, kwa ustadi wake wote, akitafuta palipoachwa wazi. Safari hii hapakuwepo.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kanisa, vikombe viwili vikiwa mezani, Callistus Ojiambo akavaa tai na kusimama.

"Mama wa nyumba hii," akaanza, "wewe uliyesimama nami siku ya mkutano mkuu, sikiliza taarifa ya mambo yaliyotokea katika eneo lililo nje ya mamlaka ya..."

"Baba Vivianne," akasema mkewe. "Ongea kama mtu."

Akaketi. "Nimekuwa nakunywa sukari," akasema. "Kwa Amuge, ng'ambo."

Kuku alipita mlangoni, akatazama ndani, akaendelea na safari yake.

"Siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na jana?"

"Na jana."

"Nikiwa kwa Benedetta."

"Ndiyo."

Kwa udhaifu wa mwisho wa maisha yake ya kisheria, akatoa karatasi kwenye pochi na kuisogeza mbele yake, kidole kikiwa juu ya yale maneno. Mama Vivianne akasoma. Akarudia kusoma. "Hapa umeandika Jamhuri ya Kenya," akasema polepole. "Sasa mimi nilikuwa nateseka katika nchi gani?"

Callistus akaikunja karatasi, akairudisha kwenye pochi.

Mama Vivianne akainuka, akaenda kabatini, akatoa kopo la sukari ya wageni, akaliweka katikati ya meza bila kulifunika. Halafu akaketi, akachukua kijiko, akatia kimoja kwenye kikombe chake. Akatia cha pili. Akatia cha tatu. Akakoroga vizuri, wala hakufanya haraka.

"Nilikuambia siku utarudi nitarudi," akasema. "Mimi neno langu sikuliandikia mipaka. Kopo ni hilo. Ukitaka tia, ukitaka usitie. Sikulindi tena."

Oneni sasa uwanja wa vita, enyi wasikilizaji. Upande mmoja kopo wazi, jeupe, umbali wa mkono. Upande wa pili mwanamume asiye na flaski, asiye na daraja, asiye na ibara ya kujifichia, na mbele yake mwanamke aliyemkosea, na harufu ya chai tamu ikimpanda puani. Mkono wake wa kuume ulitambaa juu ya kitambaa cha meza. Ulifika kwenye kijiko, ukakigusa, ukakaa hapo muda ambao mtu angeweza kusali Baba Yetu kwa sauti. Simba wa Fomu akatokwa na jasho nyuma ya masikio. Kisha akakishika kijiko kile kwa vidole viwili, akakiweka kwenye sahani kimefudikizwa, akainua kikombe chake jinsi kilivyokuwa, na akanywa.

Hakukunja uso. Alikuwa ameukunja vya kutosha kwa uongo. Alikunywa funda la kwanza, la pili, la tatu, machozi yakimlengalenga, na haikuwa kwa sababu ya tangawizi. "Nisamehe," akasema, "au usinisamehe. Lakini nakunywa hii."

Mama Vivianne akainua chake, ambacho alikitamani kwa siku sabini na tano, akanywa funda kubwa. Akakaa nalo mdomoni. Akalimeza kwa shida, akatazama ndani ya kikombe kana kwamba amewekewa kitu kisicho chake. Akaonja tena, kidogo.

"Imekuwaje hivi," akasema. "Imekuwa tamu mpaka inanikwaruza koo."

Akaonja mara ya tatu, kwa haki, asije akaionea. Halafu akainuka, akaenda mlangoni, akaimwaga nje. Aliporudi aliketi akitazama kikombe kitupu kwa hasira, maana alikuwa na haki ya kurudi na ulimi wake mwenyewe umemnyima. Kisha akanyoosha mkono, akavuta kikombe cha mumewe kutoka mbele yake, kikiwa kimebaki nusu, akakinywa hadi mwisho, macho wazi.

"Jumatano tunaenda kwa Sylvia wawili," akasema. "Na ukitoka huko unaenda Adungosi. Utamwambia Benedetta mwenyewe, na utakunywa maji moto mbele ya mama yangu."

"Nitakwenda."

"Sijakusamehe."

"Najua."

Basi na iandikwe katika vitabu vya mpaka, chini ya habari za mafuriko na za ujenzi wa daraja, wapate kuisoma watakaokuja baada yetu: kwamba Jumapili hiyo, saa moja na robo asubuhi, ndani ya mipaka ya Jamhuri ya Kenya, Callistus Ojiambo mwana wa Oduori, Mgonga-Mihuri, Mpasua-Foleni, alikaa karibu na kopo lililo wazi akanywa chai isiyo na sukari. Watakuja wenye kijicho watakaouliza ilikuwa kiasi gani. Msimulizi hataficha kitu. Ilikuwa nusu kikombe, na nusu nyingine ilinywewa na mkewe, ambaye alikuwa bado hajamsamehe.